Unaanza kazi ya seva? Usiishie kusoma namba ya mbele ya toleo

Kama ndo unaanza kushika seva za Debian au Ubuntu, jua kwanza kwamba ile programu unayoivuta kwa apt haijatoka moja kwa moja kwa walioiandika. Katikati kuna meinteina, amechukua kodi yao (code, yaani msimbo wa programu), ameifunga kuwa pakeji, ameongeza pachi zake (vipande vya marekebisho) pale panapohitajika, halafu yeye na timu ya usalama ndo wanaitunza muda wote ambao distro hiyo (yaani Debian au Ubuntu yenyewe) inahudumiwa. Ukimsahau huyo mtu utakosea maamuzi mengi sana.

Chukua Heartbleed, lile tundu la usalama kwenye OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), Aprili 2014. Wenye mradi wa OpenSSL waliziba tundu kwenye toleo 1.0.1g, lakini Debian 7 ilikuwa na 1.0.1e na hawakupanda kwenda g, walichukua yale marekebisho peke yake wakayapachika kwenye e ileile, ikawa 1.0.1e-2+deb7u5. Sasa mtu akisoma 1.0.1e tu anasema seva iko wazi, kumbe jibu liko kwenye ule mkia. Na mpaka leo ndo ivo ivo, skana ya usalama inaleta ripoti imejaa nyekundu kwa sababu imeangalia namba ya mbele, bosi anapata presha, na dogo aliyeingia juzi anakimbilia kushusha kodi kwenye tovuti ya mradi, anakompaili kwa mkono, anaiweka /usr/local. Jamani msifanye hivyo. Kuanzia hapo apt haiijui tena hiyo programu, tundu jipya likitokea hakuna wa kukuletea pachi, na ukihama kazi atakayekuja nyuma yako hata hajui kama ipo.

Fanya hivi: chukua namba ya CVE (kitambulisho cha tundu la usalama) iliyo kwenye ripoti, piga apt changelog na jina la pakeji, itafute humo imezibwa kwenye toleo gani, kisha linganisha na unachokiona kwenye dpkg -l. Usipoiona, security-tracker.debian.org itakwambia hali yake kwa kila toleo la Debian. Ni dakika chache tu, na bosi unampelekea jibu lenye ushahidi.

Ila sisemi pachi za distro ziaminiwe kwa macho kufumba. Mwaka 2006 pachi ya Debian kwenye OpenSSL iliharibu namna ya kupata namba za bahati nasibu, ikagundulika 2008, na funguo za SSH zilizotengenezwa katikati hapo zilikuwa za kukisika, ikabidi watu wazitupe watengeneze upya. Na mlango wa nyuma wa xz (programu ya kubana mafaili), Machi 2024, uliweza kuifikia sshd (seva ya SSH ya OpenSSH) kwa sababu distro kadhaa zilikuwa zimeongeza pachi ya kuiunganisha na systemd, na systemd ndo ilivuta liblzma, maktaba ya xz, OpenSSH yenyewe haiitumii. Matoleo yale mabaya, 5.6.0 na 5.6.1, yaliingia unstable na testing za Debian (matawi ya majaribio), stable (toleo rasmi) hayakufika, mtengenezaji programu Andres Freund aliwahi kushtuka kwa kuona tu ssh inachelewa kidogo. Kwahiyo jifunze kupiga apt source (washa kwanza mistari ya deb-src kwenye orodha ya vyanzo vya apt) ufungue folda ya debian/patches usome. Nyingi ni fupi na juu yake wameandika sababu, na binafsi naamini hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Ukikuta bagi (hitilafu), iripoti kwa distro kwanza (kwa Debian ni reportbug), usiende moja kwa moja kwa wenye mradi na toleo la miaka miwili nyuma lenye pachi wasizozijua, wengi wanajitolea na unawachosha bure.

Na kama kweli unahitaji toleo jipya, angalia backports (matoleo mapya yaliyofungwa upya kwa ajili ya stable) kabla ya kitu kingine chochote, ila vuta pakeji hiyo moja tu kwa apt install -t, maana timu ya usalama ya Debian haishughuliki na backports, inamtegemea aliyeipandisha.