Ndege hii au ndege huyu? Tumbo nyeupe au jeupe?

SWALI: Naandaa kibao cha wageni wanaopita Kigoma kwenda Mahale, kuhusu apalisi wa Kungwe. Nimeandika: "Ndege hii ndogo ina mgongo mkijivu, tumbo nyeupe na mkia ndefu wenye manyoya nyeupe pembeni. Inakula wadudu na inapotea." Mwenzangu anasema nimekosea, ila hasemi wapi.

JIBU: Mwenzako ana haki. "Ndege hii" ni ile inayotua uwanjani hapo Kigoma. Chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, umbo la jina liwe lolote: ndege huyu mdogo anakula, ndege hawa wadogo wanakula.

Ukifika kwenye viungo, kila kimoja hufuata ngeli yake, na hapa ndipo wengi huteleza. Tumbo ni jeupe, mkia ni mrefu, manyoya ni meupe. "Nyeupe" imezoeleka mno midomoni hata watu huibandika popote. Mahali pake ni kwenye nguo, kuta na mbawa. Naam, mbawa: ubawa mweupe, mbawa nyeupe, lakini bawa jeupe, mabawa meupe. Yote ni sahihi, "mabawa nyeupe" ndiyo mseto usiokubalika.

"Mkijivu" haipo. Rangi zinazobeba kiambishi cha ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kijivu imetokana na jivu, hivyo huunganishwa kwa -a: mgongo wa kijivu, mabawa ya kijivu. Kahawia na manjano ni vivyo hivyo.

"Inapotea" nayo haifai. Aliyepotea hutafutwa, pengine akapatikana. Spishi ikiisha, imetoweka. Usiweke "adimu" badala yake, kwani ndege anaweza kuwa adimu tangu zamani bila idadi yake kupungua.

Kibao kisomeke hivi: "Apalisi wa Kungwe ni ndege mdogo wa msituni, mla wadudu. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo jeupe, na mkia mrefu mwembamba wenye manyoya meupe pembeni. Yuko hatarini kutoweka."

Ukitaka wingi, "mla" hugeuka "wala". Ni sahihi, lakini msomaji wa haraka ataidhania "wala" ya kukanusha; andika "ndege wanaokula wadudu".