Pumzi Unayo, Breki Huna: Kwa Mkimbiaji wa Uganda Anayekwenda Kujifunza Skii

Wengi wanaoniuliza kuhusu skii za nyika, yaani kusafiri juu ya theluji kwa mbao nyembamba miguuni, tambarare na vilimani, ni wakimbiaji. Wametoka Kapchorwa, Bukwo au Kween, wamepata masomo au kazi ya msimu Austria au Uswisi, na hesabu yao ni fupi: huu ni mchezo wa pumzi na miguu, navyo vyote tunavyo. Hunitajia Philip Boit, Mkenya wa mbio za mita 800 aliyeshindana kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Ni kweli alishindana. Ila alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamngoja mstarini amkumbatie. Tena Boit alikuwa amejifunzia Finland, kwenye theluji tele. Wewe, mdogo wangu, huenda usiikute.

Siku hizi kuna majira ya baridi ambayo njia za nyika kule mabondeni hubaki majani na matope. Theluji inayobaki ni ule utepe mweupe kwenye mlima wa watu wa skii za mteremko, kwa sababu wao wana mabwawa, pampu na mashine za kurusha matone ya maji yanayoganda kabla ya kutua. Mashine hizo huhitaji baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na hewa ikiwa na unyevu huhitaji baridi kali zaidi. Ni kazi ya gharama, kwa hiyo hufunikwa miteremko michache tu, na watu wote hujazana hapo. Hapo ndipo utakapojifunzia. Basi somo lako la kwanza liwe kupunguza mwendo na kusimama, kwenda mbele kutafuata.

Theluji ya mashine ni nzito. Theluji ya asili iliyoanguka karibuni kwenye baridi kavu huwa na kama kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Hii ya mashine mara nyingi hupita kilo 400. Ikiyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku, asubuhi unakuta sakafu ya barafu. Mwenye skii za mteremko ana ukingo wa chuma wa kuikata, na kisigino chake kimefungwa. Skii zako za nyika ni nyembamba, zile za mashindano zina upana wa kama milimita 44, hazina chuma pembeni, na kisigino kinaning'inia. Ukiziachia kwenye barafu ile utashuka kama boda boda iliyokatika breki kwenye mteremko wa Sipi.

Kwa hiyo usikodi skii za mashindano hata kama mwenye duka atakusifu kwa miguu yako. Omba za nyika zenye ukingo wa chuma na buti linaloshika kifundo. Vaa helmeti. Subiri jua lilainishe uso wa theluji kidogo, lakini usingoje alasiri, maana wakati huo watu wamekwisha kuikusanya kuwa vichuguu. Anzia mteremko wenye alama ya rangi ya bluu, ambao Ulaya ni wa wanaoanza. Ufaransa kuna wa kijani, rahisi zaidi. Panda mita chache tu, kunja magoti, kutanisha ncha za mbele bila kuzipandisha moja juu ya nyingine, sukuma visigino nje, ushuke polepole hadi usimame. Rudia zoezi hilo mpaka ulichoke. Ukiona mwendo unakushinda, kaa chini kwa ubavu, usichomeke fimbo katikati ya miguu.

Kupanda ndiko utakakofurahia, na huko ndiko wakimbiaji wanakochukiwa. Unapanda ukikata mlima huku na huku kwa sababu pumzi inaruhusu, na anayeshuka kasi anakukuta katikati ya njia yake. Pandia pembeni kabisa, kwa mstari mmoja. Kabla ya yote uliza kama kupanda kunaruhusiwa: mahali pengine ni kwa tiketi, pengine kwa saa maalumu, pengine hakuna kabisa.

Mteremko ukifungwa, ondoka. Hili sina mzaha nalo. Usiku matrekta ya kusawazisha theluji hufanya kazi, na kwenye mwinuko mkali hujivuta kwa kebo ya chuma iliyofungwa juu mlimani. Kebo hiyo haionekani gizani, na inaweza kuruka ghafla upande na kuua mtu. Sisi tumezoea jua kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Kule Desemba giza huanza kama saa kumi na nusu. Panga siku yako hivyo.

Mazoezi ya nyumbani? Simama kwa mguu mmoja, imarisha mikono na mgongo, na ukipata skii za magurudumu tumia barabara tambarare isiyo na magari. Nyingi hazina breki, kwa hiyo mteremko wa Kapchorwa uache. Wengine huniuliza kwa nini tusijifunzie Rwenzori, kwenye theluji yetu wenyewe. Barafu ya Margherita, kilele cha mita 5,109, imepungua sana tangu msafara wa Mwitaliano Duke wa Abruzzi ufike kileleni mwaka 1906, na iliyobaki ina nyufa; watu huipanda kwa kamba na meno ya chuma kwenye buti.

Kama tarehe ya safari ni yako kuchagua, angalia miji inayohifadhi theluji. Davos, Uswisi, huifunika chini ya vumbi la mbao kiangazi kizima, kisha huitandaza mwishoni mwa Oktoba kuwa njia ya watu wa skii za nyika peke yao. Piga simu kwanza uulize njia imefunguliwa kilomita ngapi, ndipo ulipe chumba.