Mlio wa "tuuut" ndani ya mzinga: ni malkia wanajibizana

Ndugu, umeniuliza kuhusu mlio mzingani, nimekuelewa. Kundi kubwa la nyuki limetoka wiki iliyopita, na sasa jioni ukiweka sikio kwenye mzinga unasikia mlio mrefu, halafu mingine mifupi ya kukatakata kama bata. Usiogope, huo si ugonjwa.

Malkia mzee ameondoka na lile kundi. Binti wa kwanza kutoka chumbani, yaani kijumba cha nta anamokulia malkia mpya, hubana kifua kwenye sega, mabawa ameyakunja, akatetemesha misuli ya kurukia. Mtetemo hupita kwenye nta na kuwafikia wenzake kupitia miguu. Dada zake waliomo bado vyumbani humjibu kwa ile milio mifupi, na nyuki wafanyakazi huwazuia wasitoke. Mara ya kwanza kuusikia niliganda pale pale, tochi mkononi, hadi giza likaingia.

Kwako maana yake ni hii: kundi la pili laweza kutoka siku chache zijazo. Weka mzinga mtupu karibu, ndani uupake nta. Ukitaka kulizuia, fungua jioni kwa moshi na mavazi kamili, uondoe vyumba vya malkia. Ila usiviondoe vyote kabla hujamwona kwa macho yako malkia aliye huru, la sivyo mzinga utabaki yatima, bila malkia. Kama hujawahi, mwite mfugaji mzoefu au ofisa nyuki wa wilaya.

Na nyuki wetu ni wakali: ukiumwa ukavimba uso au kubanwa pumzi, kimbilia hospitali hapo hapo.