Re: Nianze na joto, barafu au umeme?
Dada, umeuliza wanafunzi wako wa kine (tiba ya viungo, fiziotherapia) hapa Goma waanze kujifunza lipi kati ya tiba ya joto, ya barafu na ya umeme. Mimi ningeanza na ngozi. Mmoja afumbe macho, mwenzake amguse kwa chupa mbili ndogo, moja ya maji ya moto yasiyounguza, nyingine ya baridi, naye aseme ipi ni ipi. Mgonjwa asiyetofautisha, kama mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, hawekewi joto wala barafu pale.

Kisha kila mmoja ajiwekee barafu mkononi, kitambaa katikati: atasikia baridi, kuchoma, kuuma, halafu ganzi. Akishayapitia mwenyewe hatamsahau mgonjwa kitandani na barafu zaidi ya dakika 20.

Umeme uje mwisho. Mashine nyingi za TENS, zinazopitisha umeme mdogo kwenye ngozi kupunguza maumivu, zinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika somo linaendelea. Elektrodi, yaani vibandiko vyake vya kupitisha umeme, zisiwekwe kamwe mbele ya shingo.