Jibu: Mabango ya sinema ya Majestic yaliyopata ukungu

Salaam, ndugu. Umeuliza kama uyatie laminesheni mabango na vipeperushi vya jumba la sinema la Majestic, Vuga, Zanzibar, ulivyovikuta katika sanduku la marehemu babu yako vikiwa na ukungu na vipande vya selotepu. Nakusihi usifanye hivyo, kwani gundi ya laminesheni ikishayeyuka kwa joto haibanduki tena bila kuichana karatasi. Mimi niliharibu kipeperushi kimoja kwa njia hiyo.

Kwanza angalia kama ukungu ni mbichi, yaani unapakaa ukiugusa kwa ncha ya brashi. Ukiwa hivyo, zitenge karatasi hizo, zianike kivulini penye hewa, kisha uvae barakoa na kuupangusa nje ya nyumba kwa brashi laini, bila tone la maji. Madoa yaliyokwisha kuzama nimeshindwa kuyaondoa kila nilipojaribu, na siku hizi nayaacha. Selotepu usiivute.

Kabla ya kuzihifadhi, ziskani pande zote mbili, maana nyuma mara nyingi huandikwa tarehe au hesabu kwa mkono. Jengo la sasa la Majestic ni la 1955, baada ya lile la awali kuungua 1954, hivyo karatasi za kabla ya hapo ziweke peke yake.

Zilaze ndani ya mifuko ya poliesta (plastiki angavu, si kitambaa), si plastiki laini ya madukani, na sanduku lisigusane na ukuta wa mawe na chokaa, kwa kuwa kuta za Mji Mkongwe hunyonya unyevu kuanzia chini.