Gundi ya herufi za zamani kwenye boti ya faiba

Kaka, unayetaka kukwangua kwa kisu gundi ya herufi za jina la zamani la boti, hicho kisu weka chini, utaichana jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa juu ya faiba. Kama gundi imekauka, ipashe kwa draya ya nywele mpaka ilainike, kisha ikwangue na kadi ya benki iliyokwisha muda. Masalia yapake mafuta ya taa, acha dakika 5 hivi, ufute na kitambaa, halafu osha kwa sabuni ya vyombo, maana mafuta yakibaki herufi mpya hazitashika. Thina usiguse kama boti imepigwa rangi, itaondoka nayo. Jina la zamani bado litaonekana kwa mbali: pale jua halikufika. Hapo ni kompaundi ya kung'arishia, na mkono wako uchoke kidogo; nta ingoje mpaka herufi mpya zishike, maana nayo huzizuia kama mafuta.