Bwawa limenyamaza, besi wako wapi?

Agosti hii barua nyingi zimekuja na kilio kimoja: bwawa lililokuwa likitoa besi kila jioni mwezi wa Mei, sasa halitoi hata mguso. Kwa msomaji mgeni, besi ninayemzungumzia ni yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni, aliyejaa kwenye mabwawa ya mashamba kote Marekani. Nimechagua maswali sita.

Shikamoo kaka. Nina ruhusa ya kuvua kwenye bwawa la jirani, karibu na Columbus, Ohio. Ni kama ekari moja. Mei nilipata hadi samaki wanane kwa saa moja. Siku hizi naenda kila Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, narudi mikono mitupu. Nimenunua vyambo bandia vya kila rangi. Samaki wameisha?

Marahaba. Hawajaisha, wameondoka miguuni pako tu. Mei, maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi, besi husogea kwenye kina kifupi kutaga. Dume huchimba kiota kwa mkia, hukilinda, na humrukia yeyote anayekikaribia. Ulikuwa unatupa mshipi hatua chache kutoka ukingoni, na ukali wa baba mlezi ukakufanyia kazi.

Sasa maji ya juu yamepata moto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Besi bado ana njaa, tena kubwa, lakini hula kwa muda mfupi kisha hujibanza kivulini. Wewe unafika amekwisha kula, unaondoka kabla hajaanza tena. Rangi ya chambo haina kosa hapo. Kosa ni saa.

Nimekulia Kigoma. Wavuvi wa dagaa pale hutoka na taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hubaki nchi kavu wakishona nyavu, maana taa haivuti dagaa kwenye mbalamwezi. Hakuna anayekimbilia kununua taa ya rangi nyingine. Wanasubiri usiku ulio wao. Hilo ndilo ninalowaomba wote walioniandikia: badilisha kwanza saa, kisha mahali unaposimama, kisha mwendo wa chambo. Chambo chenyewe kiwe cha mwisho.

Basi fika saa kumi na moja na nusu alfajiri uondoke saa mbili, au nenda jua linapozama ubaki hadi giza liingie. Angalizo moja: bwawa likiwa limejaa majani ya majini, alfajiri huwa ndiyo saa mbaya. Mimea hutengeneza oksijeni mchana kwa mwanga wa jua, lakini usiku kucha huitumia, hivyo kunapopambazuka maji yako katika hali duni kabisa. Bwawa la namna hiyo livue jioni.

Ukifika, usiende moja kwa moja ukingoni. Besi ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitetemo, na hatua nzito kwenye udongo humfikia. Anza kutupa ukiwa nyuma, kwenye nyasi. Lenga chini ya gati, pembeni ya mti ulioangukia majini, mahali kijito kinapoingia, na upande wa tuta linalozuia maji, ambako kwa kawaida ndiko kwenye kina kirefu.

Nimeambiwa nitumie mnyoo wa plastiki, lakini nauvuta na kuuvuta, hakuna kitu. Unafanyaje kazi?

Unafanya kazi usipouvuta. Mnyoo huu wa plastiki laini ulibuniwa mwaka 1949 na Nick Creme wa Akron, Ohio, na hadi leo, siku ngumu inapofika, ndio ninaoufunga kwanza. Toboa katikati kwa ndoano ndogo, ncha zote mbili zining'inie. Usiweke chubwi. Tupa, kisha acha. Unaposhuka, ncha zile hutikisika polepole, na besi mvivu aliye kivulini huona chakula kisichomlazimu kukimbia.

Karibu wote wanaougusa huugusa ukiwa unashuka, na hutasikia mkono ukivutwa. Tazama mshipi juu ya maji. Ukienda pembeni, au ukilegea kabla ya wakati wake, kaza na uinue. Ukifika chini bila kitu, hesabu hadi 15, nyanyua kidogo, uache ushuke tena. Ukiona unachoka kwa kungoja, hapo ndipo umeanza kuufanya vizuri. Najua ni vigumu. Mkono unataka kuzungusha, hasa baada ya saa nzima ya ukimya, nami ilinichukua msimu mzima kuutuliza wangu.

Jumanne kabla ya mvua nilipata besi watano hapa karibu na Louisville. Jumatano anga ilikuwa safi, upepo wa baridi, sikupata hata mmoja. Kwa nini?

Mawingu na upepo wa kabla ya mvua humpa besi ujasiri wa kutoka mafichoni kuwinda. Hewa baridi ikishaingia na anga ikawa nyeupe, hurudi ndani kabisa ya maficho na hafuati kitu kilicho mbali naye. Punguza ukubwa wa chambo, kipeleke karibu na kisiki kiasi cha kukigusa, au kaa nyumbani siku mbili. Mimi hukaa nyumbani.

Kaka, besi wanakumbuka? Bwawa letu la mtaani hapa Dallas linavuliwa na watu kila siku, na samaki wanakuja hadi kwenye chambo, wanakitazama, wanageuka.

Wanajifunza, ndiyo. Tena si kujifunza tu. Kwenye Ridge Lake, jimbo la Illinois, watafiti walifuatilia besi kwa zaidi ya miaka 20 na kukuta kwamba wepesi wa kunaswa hurithiwa: watoto wa samaki wagumu kunaswa nao huwa wagumu. Katika bwawa dogo linalopigwa mishipi kila siku, wepesi hunaswa mapema na mara nyingi. Waliobaki bila jeraha ndio hao wanaokutazama.

Tumia mshipi mwembamba, nenda usiku kama kanuni za bwawa zinaruhusu, na uwape kitu ambacho majirani hawatupi. Halafu pumzisha bwawa wiki mbili. Najua hutaweza kuwazuia wengine, lakini walau wewe na wenzako mnaoandamana zungukeni mabwawa matatu badala ya kuliandama moja.

Kwetu samaki wanauma, ila wote ni wembamba, sentimita 25 hadi 30, vichwa vikubwa. Mwenye shamba anakataza kuchukua hata mmoja. Tumkubalie?

Mheshimuni, bwawa ni lake, lakini mwombeni aongee na ofisi ya wanyamapori ya jimbo lenu, kwa sababu huruma yake inawaumiza samaki. Homer Swingle, aliyefanya kazi Auburn, Alabama, alichunguza mabwawa mengi sana na kuonyesha kwamba besi na blugili, kisamaki kinacholiwa na besi, lazima wawe na uwiano. Besi wakizidi, blugili wadogo huliwa wote, na besi hudumaa wakiwa na njaa. Hapo dawa ni kuwatoa wale wembamba na kuwala, na kuwarudisha wakubwa. Kwa chakula pia wadogo ni bora, kwani besi mkubwa hukusanya zebaki nyingi zaidi mwilini. Soma tahadhari za jimbo lenu kabla ya kumpikia mama mjamzito au mtoto.

Mimi niko Naivasha. Hatuna kiangazi cha kwenu, lakini besi wamekuwa adimu. Tufuate ushauri huohuo wa alfajiri na jioni?

Hapana, tafadhali. Besi wenu waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini viboko ni wenyeji, nao hutoka majini kwenda kula nyasi jioni na kurudi alfajiri, wakipita ukingoni hapohapo ambapo ningemtuma mvuvi wa Ohio. Vua jua likiwa limepanda, ndani ya boti, na mwendesha boti anayezijua njia zao. Msitembee kwenye mafunjo.

Kuhusu uadimu: tangu mwaka 2001 ziwa limepata samaki aina ya kapi, ambaye hufukua tope akitafuta chakula, naye besi huwinda kwa macho. Tafuteni maji maangavu kuliko mengine, nje ya ukingo wa mafunjo. Jaribuni chambo chenye rangi nyekundu ya udongo, kinachotambaa chini kama kreifishi, yaani kamba wa maji baridi, aliyeingizwa ziwani mwaka 1970 na ambaye besi wamemzoea kama chakula. Maji yakichafuka kabisa, tumieni chambo kinachotetema, ili akisikie asichoweza kukiona.

Aliyeuliza la kwanza ana rafiki yake, baba wa binti wa miaka tisa, anayetaka kujua kama amwache mtoto nyumbani hadi besi warudi. Usimwache. Mfungie ndoano ndogo, boya, na kipande cha mnyoo halisi wa ardhini, umweke kivulini avue blugili. Watauma hata saa sita mchana. Mwonyeshe kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, asimwondolee ute. Na mahali blugili wanapojazana, kumbuka pale, urudi jioni na mnyoo wako wa plastiki.